Nyayo Baina ya Swafaa na Marwa

Anayeingia leo mahali pa sa'yi, ndani ya Msikiti Mtukufu wa Makka, haoni vilima viwili vilivyotajwa katika Qur'ani. Huona ukumbi mrefu wa ghorofa kadhaa, sakafu ya marumaru, taa zisizozimwa na upepo baridi wa mitambo. Katika ncha moja yamesazwa majabali ya Swafaa; katika ncha ya pili, Marwa, mteremko ni mdogo hata mtu aweza kufika asijue kwamba amepanda. Katikati umetengwa ujia wa viti vya magurudumu. Kutoka ncha hii hadi ile ni takriban mita 450. Mwenye kutimiza mara saba huwa amekwenda zaidi ya kilomita 3, naye bado yumo ndani ya jengo lile lile.

Wasafiri tumezoea kuupima mwendo kwa kuangalia tulikotoka: mji umebaki nyuma, mnazi wa mwisho umepotea machoni, bahari haionekani tena. Sa'yi haina kipimo hicho. Ni mwendo wa mtu aliyekwisha kufika kule akaona hakuna kitu, kisha akarudi kule kule kutazama tena. Tumeuzoea kuuita ibada, nao ni ibada kweli. Lakini kwa kuuzoea twaweza kusahau kwamba ulianza kuwa ni taabu ya mama mmoja aliyekuwa akimtafutia mwanawe maji.

Kisa chake kimepokewa kwa urefu kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) katika Sahihi ya Bukhari, na wengi wetu tulisimuliwa na bibi zetu kabla hatujajua kusoma. Nabii Ibrahim (A.S.) alimleta Bi Hajar pamoja na Ismail, aliyekuwa bado ananyonya, katika bonde lisilokuwa na mtu wala maji. Akawaachia mfuko wa tende na kiriba cha maji, kisha akageuka kwenda zake. Bi Hajar akamfuata akimuuliza awaachaje mahali kama pale, hakujibiwa. Mwishowe akamuuliza kama ni Mwenyezi Mungu aliyemwamuru hivyo. Alipoambiwa ndiyo, akasema kwamba ikiwa ni hivyo basi Mola wao hatawatupa, akarudi kwa mwanawe.

Wasimulizi wengi hupumzika hapa, wakatuambia tuitazame imani ya mwanamke huyu. Ni haki yao. Lakini kisa hakikuishia hapo, kwa sababu maji yalikwisha. Mtoto akawa anajipindapinda kwa kiu, na mama hakuweza kuvumilia kumtazama. Akapanda Swafaa, kilima kilichokuwa karibu naye zaidi, akaangaza bondeni kama ataona mtu. Hakuona. Akashuka, na alipofika chini ya bonde akainua ncha ya nguo yake, akakimbia mbio za mtu aliyetaabika, akavuka, akapanda Marwa, akaangaza tena. Hakuona mtu. Akafanya hivyo mara saba.

Yule aliyesema kwamba Mola hatawatupa ndiye huyo huyo aliyekimbia. Hakuona kwamba kutafuta ni kuitilia shaka ahadi ya Mungu. Nalitaja hili kwa sababu katika majumba yetu neno subira limefanywa kuwa na maana ya kuketi kimya. Mwanamke anayeumwa kifuani miezi mitatu huambiwa asubiri. Aliyeachwa na watoto wanne bila ya masurufu huambiwa asubiri, na akienda kwa Kadhi kudai haki ya watoto wake huonekana kuwa hana subira. Subira ya Bi Hajar ilikuwa na vumbi miguuni. Alimtegemea Mungu, akapanda kilima; alipokosa, akamtegemea Mungu, akapanda kilima cha pili.

Na kuna jambo jingine ambalo sikulifikiri mpaka niliposimama mwenyewe juu ya Marwa, nikiwa nimechoka, nikatazama upande iliko Al-Kaaba. Maji hayakutoka Swafaa, wala hayakutoka Marwa. Bi Hajar alipokuwa juu ya Marwa mara ya mwisho alisikia sauti, akajinyamazisha mwenyewe apate kuisikia vyema, kisha akamwona Malaika mahali pa Zamzam akichimbua kwa kisigino chake, au kwa ubawa wake, mpaka maji yakatokeza. Kisima cha Zamzam kiko karibu mita 20 mashariki ya Al-Kaaba. Kiko upande ule alikomwacha mtoto, nje kabisa ya njia aliyoikanyaga. Mwenye kupenda hesabu angesema kwamba zile safari saba hazikuzaa kitu. Angeketi tu kando ya mwanawe, maji yangemjia.

Dini haikuhesabu hivyo. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kwenda baina ya Swafaa na Marwa ni nguzo ya Hija, na asiyeitimiza Hija yake haitimii. Kunywa Zamzam ni jambo la kupendeza, lakini aliyekosa kunywa Hija yake ni kamili. Kilichofanywa nguzo ni ule mwendo wa kutafuta, wakati ambapo hapakuonekana kitu. Hata maji yalipotoka, mama yule hakuketi. Aliyazungushia mchanga kwa mikono yake yasitawanyike, akawa anateka na kutia kiribani.

Nitaongeza jambo moja ambalo hunifanya nitabasamu kila nikilikumbuka. Katika ujia wa sa'yi kuna sehemu yenye taa za kijani, panapodhaniwa kuwa ndipo palipokuwa chini ya bonde. Wanaume wakifika hapo sunna yao ni kwenda mbio. Wanawake huenda mwendo wao wa kawaida. Kwa hivyo aliyekimbia alikuwa mwanamke, na wanaomwiga kwa mbio hadi leo, kizazi baada ya kizazi, masultani na wachukuzi, ni wanaume. Sisi tumeachiwa kutembea.

Hata hivyo, sa'yi ni kipande kifupi tu cha mwendo wa Hija. Mwezi nane Mfungo Tatu mahujaji huhamia Mina, kiasi cha kilomita 7 kutoka Msikiti Mtukufu. Mwezi tisa huwa Arafa, kiasi cha kilomita 20 kutoka Makka. Jua likizama huondoka kwenda Muzdalifa kulala chini ya mbingu tupu, kisha Mina tena, kurusha vijiwe, kisha Makka. Siku hizi kuna mabasi, na tangu mwaka 2010 kuna treni ya kuviunganisha vituo hivi. Hata hivyo kutoka hemani hadi Jamarat ni miguu, kutoka kituoni hadi hemani ni miguu, na usiku wa Muzdalifa kila mmoja hugundua kwamba gari ni ahadi na mguu ndio hakika.

Siku ya mwezi nane huitwa Siku ya Tarwiya, jina linalotokana na kunywesha maji, kwa kuwa watu wa zamani walijaza viriba vyao siku hiyo, Arafa hakukuwa na maji. Aliyeiondoa shida hiyo alikuwa pia mwanamke. Bi Zubayda binti Ja'far, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831, aligharimia mifereji ya kuleta maji kutoka milimani hadi upande wa Arafa na Makka, na katika njia ya Hija itokayo Kufa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,400, akagharimia visima, mabirika na vituo vya kupumzikia. Njia hiyo ingali inaitwa Darb Zubayda. Mabaki ya mfereji wake ungali ukiyaona Arafa, ukuta mwembamba wa mawe uliojipinda kandokando ya mlima, na mahujaji wengi huupita wakidhani ni boma la zamani. Mwanamke mmoja alitafuta maji kwa miguu yake. Mwingine, baada ya karne nyingi, akawawekea maji wenye kupita kwa miguu.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kwenda mbali kuuona mwanzo wa kisa hicho. Ukame ukiingia Ganze au kule Tana River, kuna akina mama wanaoondoka nyumbani kabla ya jua, mtungi kichwani au punda mbele, wakirudi jua la utosi. Wao sa'yi yao haina marumaru. Familia zinazochimba kisima huko kwa niaba ya marehemu wao zafanya jambo zuri sana, na mimi huona kwamba zimekifahamu kisa cha Bi Hajar kuliko wengi wanaokihubiri.

Katika Surat al-Hajj, Mwenyezi Mungu alipomwamuru Nabii Ibrahim awatangazie watu Hija, alimwambia kwamba watamjia kwa miguu na juu ya ngamia waliokonda kwa safari, kutoka kila njia ya mbali. Waendao kwa miguu ndio waliotajwa kwanza. Wazee wetu wa Mombasa na Lamu hawakuwa miongoni mwao, kwa sababu Mungu aliwapa bahari; wao walipanda vyombo, wakangojea pepo. Lakini upande wa pili wa Afrika walikuwako watu ambao aya hiyo iliwahusu neno kwa neno. Mahujaji wa Kihausa na Kifulani, kutoka nchi iitwayo leo Nigeria na majirani zake, walivuka Chad na Darfur kwa miguu mpaka bandari ya Suakin katika Bahari ya Shamu, ndipo wakavuka hadi Jeddah. Safari hiyo yaweza kuchukua miaka. Njiani walisimama kulima na kuchuma pamba, wakapata nauli ya kipande kinachofuata, wakaondoka tena. Watoto walizaliwa njiani wakakua njiani. Wako waliofika. Wako waliokufa. Na wako waliosimama mwaka mmoja, ukawa miwili, ukawa maisha; vizazi vyao, waitwao Fellata, wamo Sudani mpaka leo, na mji wa Mai Wurno, kando ya Nili ya Buluu, ulianzishwa na watu walioondoka Sokoto baada ya Waingereza kuuteka mji huo mwaka 1903.

Nimejiuliza mara nyingi kuhusu mwanamke wa Kihausa aliyetoka kwao akiwa bi arusi, akafika Sudani akiwa na watoto watatu, akaona shamba limeshika mizizi na mume amechoka. Je, yeye alikuwa amekata safari, au alikuwa angali yu safarini? Mimi siwezi kumhukumu. Mja hulipwa kwa nia yake, na Mungu ndiye aijuaye.

Nirudi Arafa. Mwaka niliokwenda na mama yangu, yeye alikuwa amepita miaka sabini, na magoti yake yalimsumbua tangu zamani. Jua lilipozama tulipanda basi kama wenzetu. Msafara wa mabasi ukaenda hatua chache, ukasimama. Ukaenda tena, ukasimama. Kisha ukasimama kabisa. Baada ya zaidi ya saa mbili watu wakaanza kushuka. Ustadhi aliyeliongoza kundi letu akasema kwamba Muzdalifa haiko mbali tena: mwenye nguvu ashuke, asiye na nguvu abaki, basi litafika tu. Mama akawa wa kwanza kuchukua kikoba chake.

Barabara ya waendao kwa miguu ilikuwa imejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Mabibi wa Kiindonesia walishikana mikono wasije wakapotezana, mitandio yao ya rangi moja. Mtoto alilala begani mwa baba yake, kiatu kimoja kimemtoka. Sauti iliyosikika ilikuwa ya talbiya na ya nyayo, maelfu kwa maelfu ya makubadhi na kandambili zikiburura lami. Imepokewa kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alipoondoka Arafa alisikia nyuma yake kelele za watu wakiwaharakisha ngamia, akawaashiria watulie, akawafahamisha kwamba wema hauko katika kwenda mbio. Usiku ule nilifahamu kwa nini mambo hayo yalisemwa mahali pale. Katika umati kama ule, mtu mmoja mwenye haraka anatosha kuwaangusha kumi.

Mama hakuuliza hata mara moja zimebaki kilomita ngapi. Alikuwa akichagua nguzo ya taa. "Tufike nguzo ile, mwanangu," husema, na tukifika husimama, hushika kiuno, hunywa funda moja la maji, kisha hutafuta kwa macho nguzo nyingine. Mimi nilikuwa nikitazama ramani ya simu, kitone cha buluu hakisogei; baada ya muda nikaizima. Ziko nguzo alizozichagua karibu mno hata nikaona haya mbele ya waliokuwa wakitupita. Yeye hakuona haya. Aliniambia kwamba hivyo ndivyo alivyotulea baada ya baba kufariki: hakuwa akifikiri juu ya mwaka, alikuwa akifikiri juu ya Alhamisi, siku ya kulipwa kofia alizoshona, na Alhamisi ikipita hutazama nyingine. Sikuwahi kuyasikia hayo kabla ya usiku ule. Pengine mtu huweza kusema mambo fulani akiwa anatembea, kwa sababu hatazamani uso kwa uso na anayemwambia.

Tulifika Muzdalifa tukaswali Magharibi na Isha kwa kukusanya, tukatandika mkeka baina ya watu tusiowajua, mama akaokota vijiwe vyake saba kabla hajalala.

Hapa ni lazima niseme neno ambalo laweza kuwaudhi baadhi ya wasomaji. Tunapenda hadithi za waliotembea mpaka wakaanguka, nasi huzisimulia kama kwamba kuanguka ndiyo daraja ya juu. Sunna haisemi hivyo. Anas (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mzee akikokotwa baina ya wanawe wawili, alipouliza akaambiwa kwamba ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Akasema kwamba Mwenyezi Mungu hana haja ya mtu huyo kujiadhibu nafsi yake, akamwamuru apande mnyama. Dada yake Uqba bin Amir (R.A.) naye aliweka nadhiri ya kwenda mpaka Nyumba ya Mungu kwa miguu, na jibu alilopewa ni kwamba atembee na pia apande. Bi Sawda (R.A.), Mama wa Waumini, alikuwa mzito wa mwendo, akaomba ruhusa ya kuondoka Muzdalifa usiku kabla ya msongamano wa watu, akapewa. Bi Aisha (R.A.) alikuja kusema kwamba laiti naye angeomba ruhusa kama ile. Na Bwana Mtume mwenyewe siku ya Arafa alikuwa juu ya ngamia wake, al-Qaswa.

Mambo haya si ya kupamba hotuba. Katika Hija ya mwaka 2024, iliyoangukia mwezi wa Juni, joto la Makka lilipita nyuzi 51, na serikali ya Saudia ikatangaza kwamba watu 1,301 walifariki. Wengi wao, ilielezwa, walikuwa wamekwenda bila kibali cha Hija, wakatembea masafa marefu juani wasiwe na hema wala mahali pa kupumzikia. Miongoni mwao walikuwamo wazee na wenye maradhi ya muda mrefu. Mungu awarehemu na awaandikie Hija yao. Lakini anayemuuzia bibi wa watu safari isiyo na kibali, akamwambia kwamba mengine atamwachia Mungu, huyo hamfundishi kutegemea. Anamtupa bondeni, na hakuna amri ya Mungu iliyomwambia afanye hivyo.

Mama yangu aliyajua haya yote akiwa ameketi darasani Mombasa. Kuyakubali mguuni kulikuwa kazi nyingine. Tuliporudi Makka kwa sa'yi ya Hija, goti lake la kulia lilikuwa limevimba. Ustadhi akaleta kiti cha magurudumu. Mama akakitazama kama mtu aliyeletewa nguo ya mwenziwe. Ustadhi akamkumbusha kwamba Bi Ummu Salama (R.A.) alimshitakia Mtume maradhi, akaambiwa atufu nyuma ya watu akiwa amepanda mnyama.

"Alikuwa mgonjwa kweli, au alichoka tu?" mama akauliza.

"Alishitakia maradhi, mama."

"Basi mimi nimechoka tu."

Akaenda mara tatu kwa miguu, mkono wake begani mwangu, na katika mara hizo tatu sikumsikia akisoma kitu ila kuvuta pumzi. Alipofika Marwa mwisho wa mara ya tatu alisimama kitambo, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, "Sasa ni mgonjwa," akaketi katika kiti. Nikaanza kusukuma. Hatukufika katikati ya ujia nikasikia sauti yake. Alikuwa akiomba dua, moja baada ya nyingine, akiwataja watoto wake, wajukuu, jirani aliyemdhulumu mpaka wa shamba, dada yake aliye kaburini, kila mtu kwa jina lake. Maumivu yalikuwa yamemshikia ulimi muda wote ule, nami sikujua. Mara nne zilizobaki zilikuwa fupi mno kwa majina aliyokuwa nayo.

Wako wasomaji ambao hawatakwenda Makka mwaka huu wala mwaka ujao, kwa sababu nauli imepanda au kwa sababu kuna mgonjwa nyumbani asiyeweza kuachwa. Banu Salima, watu wa Madina, walikuwa wakikaa mbali na Msikiti wa Mtume, wakataka kuhamia karibu. Wakaambiwa wabaki makwao, kwa kuwa nyayo zao zinaandikwa. Huwakumbuka kila nikiwaona akina mama wa mtaani kwetu wakiwapeleka watoto madrasa alasiri, mkono mmoja umeshika mtoto na wa pili umeshika juzuu yake, kwenda na kurudi, na kesho tena. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wake walikuwa wema na wacha Mungu, na kwamba walikwenda miguu mitupu. Milangoni mwa misikiti palikuwa na visima vya kuoshea miguu na mkeka mzito wa kuipangusia. Kati ya yote aliyoyaona msafiri yule, aliona inafaa kuandika habari za miguu yetu.

Kwa wale walioandikishwa kwa Hija ijayo, kuna jambo la kufanya tangu sasa. Darasa za manasiki hutufundisha dua na masharti. Magoti hayafundishiki darasani. Akina mama kadhaa, baadhi yao wamekwisha hiji, hukutana katika barabara ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, wakatembea ufukweni kabla jua halijawa kali. Wiki ya kwanza hutembea nusu saa. Huongeza kidogo kidogo mpaka saa mbili, na katika wiki za mwisho hutoka mara moja au mbili saa za jua, mwavuli mkononi, ili mwili ujue kinachoungoja. Mwenye sukari au presha huenda kwanza kumwona daktari. Mwendo huwekwa na aliye mzito zaidi, naye hutangulia mbele, wepesi wakamfuata nyuma. Kinyume chake humfanya mtu akimbie pole pole mpaka moyo umchoke. Wamekatazana kununua viatu vipya mwezi wa mwisho. Kikao cha kupumzika kina kahawa chungu na tende, na mazungumzo ambayo sitayaandika hapa.

Safari hii wanaanza Jumatatu baada ya swala ya Alfajiri, upande wa kivuko cha Likoni. Anayetaka kufuatana nao aje na chupa yake ya maji.